Nifanye nini nipate kuokoka? Maswali yanayoulizwa sana hapa Kigoma

Maswali haya yametoka kwenye darasa la kipaimara, kwenye jumuiya za Mwanga, Gungu na Ujiji, misibani, na kwa watu wanaonisimamisha njiani nikitoka sokoni. Mimi ni mwalimu wa mafundisho katika Kanisa Anglikana, na ninajibu kama Mwanglikana. Lakini Kigoma tunaishi nyumba kwa nyumba na Wakatoliki, Wapentekoste, Wasabato, na Wamoraviani waliotoka Urambo na Sikonge, kwa hiyo pale tunapotofautiana nitasema wazi nani anafundisha nini.

Kwa ufupi kabisa, mtu anatakiwa afanye nini ili apate uzima wa milele?

Atubu na amwamini Yesu Kristo. Ndivyo Bwana mwenyewe alivyoanza kuhubiri Galilaya: "tubuni, na kuiamini Injili" (Marko 1:15). Paulo anasema ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni mwako ya kuwa Mungu alimfufua katika wafu, utaokoka (Warumi 10:9).

Kuamini huku si kukubali tu kwamba Mungu yupo. Yakobo anatukumbusha kwamba mashetani nao wanaamini hivyo, na wanatetemeka. Kuamini ni kumkabidhi Yesu maisha yako, dhambi zako na kifo chako, ukitegemea kwamba alikufa kwa ajili yako na akafufuka. Na kutubu ni kugeuka. Mtu aliyelia ibadani Jumapili na Jumatatu akarudi kumpunja mteja kwenye mizani bado hajageuka.

Mbona Biblia yenyewe inatoa majibu tofauti? Mmoja anaambiwa auze mali, mwingine aamini, mwingine abatizwe. Tushike lipi?

Nalipenda swali hili kuliko mengine yote, kwa sababu anayeuliza amesoma kweli.

Tuwatazame mmoja mmoja. Mlinzi wa gereza la Filipi (Matendo 16) ameamshwa usiku wa manane na tetemeko, milango iko wazi, anadhani wafungwa wametoroka na upanga ameshauchomoa ajiue. Paulo anamzuia. Yule mtu anauliza afanye nini apate kuokoka, anaambiwa: "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Saa ile ile ya usiku anawaosha majeraha yao, anabatizwa yeye na watu wake, na anawaandalia chakula. Umati wa Pentekoste (Matendo 2) ni watu ambao Petro amewaambia usoni kwamba wao ndio waliomsulubisha Masihi. Wamechomwa mioyo. Wanaambiwa watubu na wabatizwe kila mmoja, hadharani, katika mji ule ule walimomkataa.

Kisha yule tajiri wa Marko 10. Huyu ni mtu mwema, ameshika amri tangu ujana wake, na Marko anaandika kwamba Yesu alimkazia macho akampenda. Ndipo akamwambia auze alivyo navyo awape maskini, kisha amfuate. Akaenda zake kwa huzuni. Wakati huo huo Zakayo, tajiri mwenzake, anatoa nusu ya mali na kuahidi kurudisha mara nne alichowadhulumu watu, na Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humo. Hakumdai ile nusu nyingine.

Ukiwaweka pamoja utaona kila mmoja ameguswa pale alipokuwa ameegemea. Tajiri aliegemea mali na rekodi yake nzuri. Mlinzi hakuwa na cha kuegemea tena, hivyo kwake ilibaki kuamini tu. Wanafunzi walishtuka kuhusu tajiri wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka, na jibu la Yesu ndilo linalobeba mambo yote katika ukurasa huu: kwa wanadamu haiwezekani, lakini yote yanawezekana kwa Mungu. Wokovu ni zawadi. Kinachotakiwa kwetu ni kuipokea, na mtu hawezi kuipokea huku ameng'ang'ania kitu kingine kama mwokozi wake.

Tunaokolewa kwa imani au kwa matendo? Wakatoliki na Waprotestanti wanabishana hili kila siku kijiweni.

Wanabishana kuliko makanisa yao yanavyobishana. Ni kweli ugomvi ulikuwa mkubwa. Martin Luther alianza kudai matengenezo mwaka 1517, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ukatoa hati yake kuhusu kuhesabiwa haki mwaka 1547. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, pasipo stahili yoyote ya kwetu, na tunapokea Roho Mtakatifu anayetuita na kututia nguvu tutende mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Sisi Waanglikana tuliliunga mkono kimsingi katika mkutano wa Lusaka, Zambia, mwaka 2016. Zipo tofauti zilizobaki, lakini anayekuambia kwamba Wakatoliki wanafundisha kununua mbingu kwa matendo anawasingizia.

Maandiko yenyewe? Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Wengi wanaikariri mistari hiyo miwili na kufunga kitabu. Mstari wa 10 unaendelea: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Yakobo anaposema imani isiyo na matendo imekufa, anamjibu mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa "enenda kwa amani" bila kumpa chakula. Paulo anapokataa matendo, anawajibu waliotaka watu wa mataifa watahiriwe kwanza ndipo wahesabiwe kuwa wa Mungu.

Soma pia Mathayo 25, juu ya siku ya hukumu. Wale wa mkono wa kuume wanashangaa: Bwana, ni lini tulikuona una njaa, au mgeni? Hawakuwa wameweka hesabu. Mkoa wetu umepokea watu waliokimbia vita Burundi na Kongo kwa miaka mingi, na kambi ya Nyarugusu pale Kasulu ipo tangu 1996. Kuna akina mama wa Kasulu waliomkaribisha mtu jikoni, wakampa ugali na maharage na kitenge cha kumbebea mtoto, na leo ukiwauliza hawakumbuki hata walikuwa wangapi. Hivyo ndivyo imani iliyo hai inavyotenda.

Mwalimu, ni lazima nibatizwe? Na ule wa maji machache unahesabika?

Asubuhi ya Jumapili ufukweni mara nyingi utawakuta ndugu zetu Wapentekoste wakibatiza ziwani. Mchungaji amesimama maji ya kiunoni. Anayebatizwa amekunja mikono kifuani, dada amejifunga kanga juu ya gauni isielee, na kwaya imejipanga mchangani karibu na mitumbwi iliyorudi na dagaa alfajiri. Anazamishwa mzima, anainuka anatweta, na mama yake anamsubiri na taulo. Ni ushuhuda mzuri na unanigusa kila ninapouona. Kwao anayebatizwa ni mtu aliyekwisha kuamini mwenyewe, na Wasabato wanafundisha vivyo hivyo.

Sisi Waanglikana, Wakatoliki na Wamoraviani tunabatiza hata watoto wachanga, na maji ya kumimina kichwani yanatosha. Ubatizo kwetu ni tendo la Mungu la kumpokea mtu katika agano, na mtoto akikua anakuja kuikiri imani mwenyewe katika kipaimara. Ukibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, sisi haturudii.

Je, ni lazima? Marko 16:16 inasema aaminiye na kubatizwa ataokoka, na asiyeamini atahukumiwa. Angalia kwamba sehemu ya pili haisemi "asiyebatizwa". Yule mhalifu msalabani hakubatizwa, hakufanya tendo jema hata moja baada ya kuamini, na aliahidiwa kuwa peponi siku ile ile. Wakatoliki wanasema ubatizo ni wa lazima kwa aliyehubiriwa Injili na mwenye nafasi ya kuuomba, ila Mungu mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Nakubaliana nao hapo. Lakini yule mhalifu asiwe kisingizio. Yeye alikuwa amepigiliwa misumari, wewe una miguu. Kama unaamini na unaahirisha mwaka baada ya mwaka kwa sababu hujapata nguo nyeupe au pesa ya sherehe, njoo hivyo hivyo ulivyo. Hatudai sherehe.

Mtoto wangu alifariki kabla ya kubatizwa. Yuko wapi?

Pole sana, mama. Yuko mikononi mwa Mungu ambaye Mwanawe alichukizwa wanafunzi walipowazuia watoto, akasema waacheni waje kwangu. Zamani walimu wengine wa Kanisa la Magharibi walizungumzia mahali pa pembeni kwa watoto wasiobatizwa, lakini hilo halikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya leo inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na inatupa sababu ya kutumaini. Wapentekoste wanasema mtoto asiyeweza kuchagua hahukumiwi. Mtu aliyekuambia msibani kwamba mtoto wako amepotea alisema jambo ambalo Biblia haisemi. Usimbebe mtoto wako kwa hofu hiyo.

Nimeambiwa nitoe sadaka kubwa ya mbegu ili mlango wa mbinguni ufunguke. Ni kweli?

Si kweli, na hapa sitapunguza maneno.

Simoni wa Samaria aliwatolea mitume fedha ili apate uwezo wa kutoa Roho, na Petro akamjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20). Naamani alimletea nabii Elisha fedha, dhahabu na mavazi baada ya kupona ukoma, na Elisha akakataa kabisa. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyemkimbilia Naamani kwa siri akachukue chochote, na ukoma ukamwangukia yeye. Petro tena anaandika kwamba tulikombolewa si kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo.

Najua mama wa mwaloni Kibirizi aliyetoa mtaji wake wote wa dagaa, pesa ya magunia ya msimu mzima, kwa ahadi ya aina hiyo. Akabaki anakopa sukari kwa jirani. Alikuja kuniuliza kama Mungu amemkataa. Nilimwambia Mungu hakuwahi kumdai ile pesa. Zaka na sadaka ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupokea. Zinaendesha kanisa, zinasaidia wajane, na Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Lakini ukiambiwa mafuta, maji, kitambaa au kiasi fulani cha pesa ndicho kitakachokuokoa, ondoka pale. Unauziwa kitu ambacho Kristo amekwisha kukilipia.

Nimeokoka lakini mtumbwi wangu bado una hirizi ya marehemu baba. Kuna ubaya?

Ndugu yangu, upo. Ninaelewa inakotoka hofu. Anayekwenda ziwani usiku wa giza, mwezi ukiwa umezama, taa zimewashwa na upepo unaweza kugeuka wakati wowote, anataka kinga. Mvuvi mmoja aliniletea ya kwake mkononi, kijifuko cha kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mnene, kimeng'aa kwa mafuta na jasho. Alitaka kujua aichome au aitupe majini, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Tuliomba, akaichoma mwenyewe.

Waefeso walioamini walivikusanya vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani, na thamani yake ilikuwa vipande vya fedha hamsini elfu (Matendo 19:19). Huwezi kumkabidhi Yesu maisha yako kisha ukamwekea msaidizi. Na tafadhali vaa boya la kuokolea. Kumtegemea Mungu hakumkatazi mtu kuvaa boya.

Tunaishi pamoja hatujafunga ndoa kanisani. Na je, mzee mwenye wake wawili anaweza kuokoka?

Kuokoka anaweza yeyote anayetubu na kuamini. Makanisa mengi hapa kwetu humzuia asiyefunga ndoa kushiriki Meza ya Bwana, na watu wanadhani wamefungiwa mbingu. Huo ni utaratibu wa malezi ya kanisa. Kwenu nyinyi wawili ushauri wangu ni mfupi: nendeni kwa kasisi wiki hii. Ndoa haihitaji ukumbi wala keki. Kama kinachowakwamisha ni mahari, mwambieni, na mara nyingi wazee wa kanisa huzungumza na familia.

Kuhusu wake wengi, Mkutano wa Lambeth wa 1888, wa maaskofu wa Kianglikana, ulikataa kumbatiza mwanaume mwenye wake wengi. Miaka mia baadaye, mwaka 1988, Lambeth iliruhusu abatizwe na kupata kipaimara pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutooa tena maadamu wake zake wapo hai, jumuiya ya mahali ikikubali, na asilazimishwe kuwafukuza kwa sababu ya hali watakayoachwa nayo. Naona uamuzi wa 1988 ulikuwa wa haki. Mke wa pili aliyefukuzwa uzeeni ili mume abatizwe ndiye aliyelipa gharama ya toba ya mwingine.

Wenzangu wana tarehe waliyookoka. Mimi nimelelewa kanisani, sina tarehe. Nimeokoka kweli?

Desturi ya kutaja siku tumeirithi kwa sehemu kubwa kutoka kwa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Ruanda na Uganda miaka ya 1930 na kufika mpaka Tanganyika. Watu waliungama dhambi hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na adui zao. Ulikuwa moto wa kweli na ulitufaidi. Lakini Timotheo alijifunza imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na hakuna mahali tunapoambiwa tarehe yake. Jiulize kama leo unamtegemea Kristo na unaziacha dhambi zako. Ikiwa ndivyo, usisumbuliwe na kalenda.

Naweza kuwa na hakika, au nitajua siku ya kufa? Na wokovu unapotea?

Yohana anaandika "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele" (1 Yohana 5:13). Anasema mnao, tena sasa. Yesu pia anasema kondoo zake hawatapotea na hakuna atakayewapokonya mkononi mwake. Hapo ndipo wengine hufundisha kwamba aliyeokoka kweli hawezi kupotea kamwe. Wakatoliki wanafundisha kwamba dhambi ya mauti hukata neema, na Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, humrudisha mtu. Wapentekoste wengi nao wanaonya kwamba mtu anaweza kurudi nyuma akapotea, na wanasoma Waebrania 6.

Mimi nafundisha hivi: anayeogopa kwamba Mungu amemwacha asome Yohana 10, na anayedhani anaweza kutenda apendavyo kwa kuwa aliongozwa sala ya toba mkutanoni asome Waebrania. Petro alimkana Bwana mara tatu na akarudishwa. Kilichomrudisha ni kwamba alirudi.

Maswali mafupi yanayokuja pamoja: kunena kwa lugha, pombe, Sabato, toharani?

Kunena kwa lugha ni karama, si sharti la kuokoka. Paulo anauliza, je, wote wanena kwa lugha? Ulevi ni dhambi, na makanisa mengi hapa yanakataza pombe yote kwa sababu yameona nyumba zilivyovunjika. Kuhusu Sabato, Wasabato wanaitunza Jumamosi kama utii wa mtu aliyeokolewa kwa neema, na ndivyo mafundisho yao yanavyosema. Toharani ni fundisho la Kikatoliki kuhusu kutakaswa kwa watu ambao tayari wamekufa katika neema. Sisi Waanglikana tunalikataa katika Kanuni ya 22 ya zile Kanuni 39 za imani ya Kianglikana, lakini hata kwa Mkatoliki si nafasi ya pili kwa aliyekufa bila toba.

Mama yangu ni Muislamu wa Ujiji, mwema kuliko Wakristo wengi. Atapotea?

Nusu ya darasa langu wana swali hili nyumbani. Yesu alisema mtu haji kwa Baba ila kwa njia yake, na Petro alisema hakuna wokovu katika mwingine awaye yote. Siwezi kuyafuta hayo nikabaki mwalimu wa Kikristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, ulifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kutenda kadiri dhamiri inavyowaongoza kwa msaada wa neema, wanaweza kuokolewa. Makanisa mengi ya Kiinjili yanaona hilo limekwenda mbali mno. Mimi naamini kila atakayeokolewa ataokolewa na Kristo, na hukumu ya mama yako sijapewa mimi wala wewe.

Ulichopewa wewe ni kumheshimu. Mpe mkono wa Idi, mpelekee futari Ramadhani, muuguze, na akikuuliza tumaini lako mjibu kwa upole na hofu, kama 1 Petro 3:15 inavyosema. Usimhubirie kwa kumtisha mbele ya wajukuu.

Baba ni mgonjwa sana, hawezi kufika kanisani, na anataka kubatizwa. Tufanye nini?

Msisubiri apate nafuu. Mpigieni kasisi au katekista sasa hivi, hata kama ni usiku, atakuja nyumbani au wodini. Baba haulizwi kukariri katekisimu yote: anamwamini Yesu, anatubu, basi. Kama hali ni mbaya na kasisi yuko mbali, Mkristo yeyote aliyepo anaweza kumbatiza kwa kummiminia maji kichwani akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya kunywa ya kwenye kikombe yanafaa. Mjulisheni kasisi baadaye aandike kwenye kitabu cha ubatizo, na baba akipona aje kwa mafundisho na kipaimara kama wengine.